Nakala Rudufu Iliyotengwa na Mtandao: Ngao ya Biashara Dhidi ya Programu za Kudai Kikombozi

Na Mwandishi Wetu

Matumizi ya kompyuta katika biashara si jambo la benki na kampuni kubwa pekee. Duka la dawa linatunza humo orodha ya dawa na tarehe za kuisha kwa muda wake, chama cha akiba na mikopo (SACCOS) kinahifadhi michango na madeni ya wanachama, hospitali inahifadhi kumbukumbu za wagonjwa, na mfanyabiashara wa jumla anawajua wadaiwa wake kwa kufungua faili moja. Taarifa hizo zikipotea, biashara inaweza kusimama hata kama bidhaa zote bado zipo ghalani.

Miongoni mwa hatari kubwa zinazozikabili taarifa hizo ni programu za kudai kikombozi. Makala haya yanaeleza namna programu hizo zinavyofanya kazi, njia zinazotumika kuingia katika mifumo ya biashara, hatua za kujikinga na mambo ya kufanya endapo shambulio litatokea. Msisitizo mkubwa umewekwa kwenye hatua moja iliyo ndani ya uwezo wa biashara ya ukubwa wowote: kuwa na nakala rudufu ya taarifa iliyotengwa kabisa na mtandao, na ambayo imejaribiwa ikathibitika kuwa inafanya kazi.

Programu ya kudai kikombozi ni nini?

Kikombozi ni malipo anayodaiwa mtu ili arudishiwe kilichotekwa. Katika mazingira ya kompyuta, kinachotekwa ni taarifa. Programu haribifu huingia kwenye kompyuta kwa siri, kisha husimba faili zote inazozifikia, yaani huzigeuza kuwa maandishi yasiyosomeka bila ufunguo maalumu ulio mikononi mwa mhalifu. Baada ya hapo, ujumbe hujitokeza kwenye kioo cha kompyuta ukimtaka mwathirika alipe kiasi fulani cha fedha ndani ya muda uliopangwa, mara nyingi kwa sarafu za kidijitali kama Bitcoin.

Usimbaji wenyewe si jambo baya, kwani ndio unaolinda miamala ya benki na mawasiliano ya simu kila siku. Ubora wake ndio unaoufanya uwe silaha kali mikononi mwa mhalifu. Usimbaji ukifanywa vizuri, hakuna fundi wa kompyuta anayeweza kuzifungua faili hizo bila ufunguo, hata akipewa muda mrefu kiasi gani.

Uhalifu huu ulianza kabla intaneti haijaenea. Mwaka 1989 diski laini zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta kwa watu wa nchi mbalimbali, zikidaiwa kuwa na maelezo kuhusu ugonjwa wa UKIMWI. Aliyeiweka diski hiyo kwenye kompyuta yake alikuta baadaye majina ya faili zake yamefichwa, pamoja na agizo la kutuma dola 189 za Marekani kwenye sanduku la posta nchini Panama. Leo posta na sanduku lake havihitajiki tena. Intaneti humfikisha mhalifu kwa maelfu ya watu kwa wakati mmoja, na sarafu za kidijitali humwezesha kupokea malipo bila kujulikana kwa urahisi.

Katika miaka ya karibuni wahalifu wameongeza shinikizo la pili. Kabla ya kufunga faili, hunakili taarifa nyeti na kuzihamishia kwao, kisha hutishia kuzichapisha endapo hawatalipwa. Hivyo mwathirika hukabiliwa na madhara mawili, yaani kukosa taarifa zake na kuvuja kwa siri za wateja wake.

Afrika haiko nje ya hatari hii. Mwezi Julai 2021 shirika la uchukuzi la Afrika Kusini, Transnet, lilipata shambulio la mtandaoni lililovuruga shughuli za makontena katika bandari za nchi hiyo, ikiwemo ya Durban. Nchini Kenya, mwezi Aprili 2023, kampuni ya maduka makubwa ya Naivas ilithibitisha hadharani kwamba ilishambuliwa na programu ya aina hii.

Njia wanazotumia wahalifu kuingia

Njia ya kwanza ni barua pepe na ujumbe wa udanganyifu. Mfanyakazi hupokea kiambatisho kinachofanana na ankara, hati ya malipo, notisi ya kodi au barua ya maombi ya kazi. Akikifungua, programu haribifu huanza kazi. Ujumbe wa namna hii huandikwa kwa namna ya kumharakisha msomaji: lipa leo, thibitisha sasa, akaunti yako inafungwa.

Njia ya pili ni nywila dhaifu au iliyoibwa. Tarehe 7 Mei 2021 kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani ililazimika kusimamisha bomba lake la mafuta linalohudumia majimbo ya mashariki mwa nchi hiyo, na misururu mirefu ikaonekana kwenye vituo vya mafuta. Uchunguzi ulibaini kuwa wahalifu waliingia kwa kutumia nywila moja ya akaunti ya kuingilia mtandao wa kampuni ukiwa mbali. Akaunti hiyo ilikuwa haitumiki tena, lakini haikuwa imefungwa, na haikuwa na uthibitishaji wa hatua ya pili.

Njia ya tatu ni udhaifu wa programu ambao haujazibwa. Tarehe 12 Mei 2017 programu iliyopewa jina la WannaCry ilisambaa katika nchi zaidi ya 150 ndani ya muda mfupi. Nchini Uingereza iliathiri hospitali nyingi za umma, na maelfu ya miadi ya wagonjwa ikafutwa. Programu hiyo ilipita katika udhaifu wa mfumo endeshi wa Windows ambao kampuni ya Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa masasisho ya kuuziba tangu Machi 14 mwaka huo, takriban miezi miwili kabla. Kompyuta zilizokuwa zimepokea masasisho hayo zilisalimika.

Njia ya nne ni kupitia mtoa huduma anayeaminika. Fundi wa nje, kampuni inayotunza mfumo wa mauzo au msambazaji wa programu ya uhasibu akidukuliwa, wateja wake wote huwa hatarini, kwa kuwa wao wenyewe ndio waliomfungulia mlango.

Ni muhimu pia kufahamu kuwa wahalifu hawafungi faili mara tu wanapoingia. Mara nyingi hukaa ndani ya mtandao kwa siku au wiki kadhaa wakichunguza, na moja ya mambo wanayoyatafuta mapema ni nakala rudufu, ili waziharibu kabla ya kudai fedha. Baadaye hushambulia usiku, mwisho wa wiki au siku za sikukuu, wakati ofisi haina watu.

Funzo kutoka Ghana

Tarehe 27 Juni 2017 programu iliyoitwa NotPetya ilianza kusambaa kutoka Ukraine, ikitumia masasisho ya programu ya uhasibu iliyokuwa ikitumiwa na biashara nyingi za nchi hiyo. Ilijionesha kama programu ya kudai kikombozi, lakini kwa hakika ilikuwa ya kuharibu tu. Hata aliyelipa hakuwa na njia ya kurejeshewa faili zake.

Miongoni mwa waathirika alikuwepo Maersk, kampuni ya Denmark iliyo kati ya kampuni kubwa kabisa za usafirishaji wa makontena duniani. Kwa mujibu wa maelezo yaliyotolewa baadaye na mwenyekiti wa bodi yake, kampuni ililazimika kuweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 katika muda wa siku kumi. Hasara yake ilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 250 na milioni 300 za Marekani.

Katika kazi hiyo mafundi walikutana na tatizo kubwa. Seva zinazoratibu utambulisho wa watumiaji na kompyuta zote za kampuni duniani zilikuwa nyingi, na kila moja ilipangwa kuwa nakala ya nyenzake. Kwa kuwa zote ziliunganishwa, zote zilifutwa kwa pamoja. Seva moja tu ilipatikana ikiwa salama, nayo ilikuwa katika ofisi ya Ghana. Kabla ya shambulio umeme ulikuwa umekatika katika eneo hilo, hivyo seva hiyo ikawa nje ya mtandao wakati nyingine zikiharibiwa. Intaneti ya ofisi hiyo haikuwa na kasi ya kutosha kutuma taarifa hizo, hivyo diski yenye taarifa hizo ilisafirishwa kwa ndege hadi Uingereza, na ndipo kazi ya kuijenga upya mifumo ya kampuni iliposonga mbele.

Tukio hilo linaonesha tofauti kati ya kuwa na nakala nyingi na kuwa na nakala salama. Nakala zote zilizounganishwa na mtandao uleule huangamia pamoja. Kilichoiokoa Maersk kilikuwa bahati ya kukatika kwa umeme, ilhali mfanyabiashara anaweza kukipata kwa makusudi, kila wiki, kwa kuchomoa waya.

Kuandaa nakala rudufu inayotegemewa

Wataalamu wa usalama wa kompyuta hupendekeza kanuni ya tatu, mbili, moja. Taarifa ziwe katika nakala tatu, ikiwemo ile inayotumika kila siku. Nakala hizo zihifadhiwe katika vifaa vya aina mbili tofauti. Nakala moja kati ya hizo iwe mahali pengine, mbali na jengo la biashara, ili isiathirike kwa moto, mafuriko wala wizi.

Kwa biashara ndogo, kanuni hiyo inaweza kutekelezwa kwa diski mbili za nje na utaratibu ulioandikwa, kwa namna ifuatayo:

1. Orodhesha taarifa ambazo biashara haiwezi kuendelea bila kuwa nazo, kama vile hesabu, orodha ya wadaiwa, kumbukumbu za wateja, mikataba na mishahara.

2. Amua biashara inaweza kuvumilia kupoteza taarifa za siku ngapi. Duka lenye miamala michache linaweza kunakili mara moja kwa wiki. SACCOS au zahanati inahitaji kunakili kila siku.

3. Tumia diski mbili kwa zamu. Wakati moja inanakili, nyingine iwe imehifadhiwa mahali pengine chini ya kufuli.

4. Chomoa diski mara tu kunakili kunapokamilika. Diski inayoachwa imeunganishwa na kompyuta itafungwa na programu haribifu pamoja na kompyuta yenyewe.

5. Linda diski hizo kwa nywila, ili zikiibwa taarifa za wateja zisisomwe.

6. Jaribu kurejesha taarifa kutoka kwenye nakala angalau mara moja kila baada ya miezi mitatu, kwa kutumia kompyuta nyingine, na uandike tarehe na matokeo. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haina uhakika. Wapo wanaogundua siku ya tatizo kwamba kunakili kulikoma miezi mingi nyuma bila mtu kujua.

Baadhi ya wafanyabiashara huamini kuwa huduma ya kuhifadhi faili mtandaoni inatosha. Huduma nyingi za aina hiyo hulinganisha faili za kompyuta na zile za mtandaoni papo hapo, hivyo faili zikifungwa ofisini, zilizofungwa huchukua nafasi ya zile nzima. Anayetumia huduma hiyo anapaswa kuhakikisha kuwa inatunza matoleo ya zamani ya faili, kwamba akaunti yake ina nywila tofauti na uthibitishaji wa hatua mbili, na kwamba haibaki kuwa nakala pekee.

Hatua nyingine za kujikinga

Nakala rudufu humrejeshea mfanyabiashara taarifa zake, lakini haizuii zilizonakiliwa na mhalifu zisichapishwe. Kwa sababu hiyo, inapaswa kuambatana na hatua za kuzuia uvamizi wenyewe:

- Pokea masasisho ya mfumo endeshi na programu nyingine bila kuchelewa. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya masasisho ya bure kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Biashara inayoendelea kuitumia inapaswa kupanga namna ya kuhamia toleo jipya.

- Epuka programu zisizo na leseni. Programu iliyovunjwa ulinzi wake ili itumike bure huweza kubeba programu haribifu ndani yake, na mara nyingi haipokei masasisho.

- Weka uthibitishaji wa hatua mbili kwenye barua pepe, mifumo ya fedha na kila akaunti inayofikiwa kupitia intaneti, ili nywila pekee isitoshe kumwingiza mtu.

- Funga akaunti za wafanyakazi siku wanapoacha kazi, na zile zisizotumika.

- Wafanyakazi watumie akaunti za kawaida katika kazi za kila siku. Akaunti ya msimamizi wa mfumo itumike pale tu inapohitajika, na isitumike kusoma barua pepe.

- Zima huduma ya kuiendesha kompyuta ukiwa mbali ikiwa haihitajiki. Ikihitajika, isiachwe wazi kwenye intaneti bila ulinzi wa ziada.

- Tenganisha mtandao wa Wi-Fi wa wateja na ule wa kompyuta za ofisi.

- Elimisha wafanyakazi wote, wakiwemo wahasibu, makarani na walinzi wenye kutumia kompyuta za ofisi. Agizo lolote la malipo au mabadiliko ya akaunti ya benki lithibitishwe kwa kumpigia simu mhusika kwa namba inayofahamika, si iliyoandikwa kwenye ujumbe huo.

Jambo la mwisho lina uzito wa pekee. Mfanyakazi aliyefungua kiambatisho chenye shaka anapaswa kutoa taarifa papo hapo bila hofu ya kufukuzwa. Akificha kwa kuogopa adhabu, saa ambazo zingetumika kuzuia madhara zinapotea.

Mambo ya kufanya shambulio linapotokea

Hatua za saa za mwanzo huamua ukubwa wa hasara. Inashauriwa zifuatwe kwa mpangilio huu:

Kwanza, tenga kompyuta iliyoathirika. Chomoa waya wa mtandao na zima Wi-Fi. Usiizime kompyuta yenyewe ikiwa inawezekana kuitenga kwa njia hiyo, kwa kuwa kumbukumbu yake inaweza kuwa na ushahidi wenye manufaa. Endapo haiwezekani kuitenga, izime ili kuzuia kuenea.

Pili, usiunganishe diski ya nakala rudufu na kompyuta yoyote hadi itakapothibitika kuwa safi. Kosa hili limewagharimu wengi nakala yao ya mwisho.

Tatu, piga picha ya ujumbe wa mhalifu kwa simu na uandike muda ulipoonekana, kompyuta zilizoathirika na yaliyotokea kabla ya hapo. Usifute chochote.

Nne, toa taarifa kituo cha Polisi ili suala lifikishwe kwenye kitengo kinachoshughulikia makosa ya mtandao, na kwa kitengo cha kitaifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta (TZ-CERT) kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Iarifu pia benki yako ikiwa mifumo ya malipo imeguswa.

Tano, badilisha nywila zote kwa kutumia kifaa ambacho hakijaathirika, kisha weka upya kompyuta zilizoathirika kuanzia mfumo endeshi kabla ya kurejesha taarifa.

Kabla ya kukata tamaa kuhusu faili zilizofungwa, mwathirika anaweza kutumia huduma ya bure ya No More Ransom, iliyoanzishwa mwezi Julai 2016 na Polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta. Huduma hiyo hukusanya funguo za programu haribifu ambazo zimewahi kuvunjwa. Haina tiba ya kila programu, lakini wapo waliorejeshewa faili zao kwa njia hiyo bila kulipa.

Namba za simu za fundi, benki, mtoa huduma ya intaneti na mamlaka husika ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ofisini. Orodha iliyo ndani ya kompyuta iliyofungwa haitasaidia.

Je, ni sahihi kulipa?

Vyombo vya usalama katika nchi nyingi vinashauri kutolipa. Malipo huimarisha uhalifu, na humtambulisha aliyelipa kuwa mtu anayeweza kulipa tena. Zaidi ya hayo, malipo hayatoi uhakika. Colonial Pipeline ililipa takriban dola milioni 4.4 za Marekani, lakini chombo cha kufungulia faili ilichopewa kilikuwa cha polepole mno kiasi kwamba kampuni iliendelea kutegemea nakala zake yenyewe. Mwaka 2024 kampuni ya Change Healthcare, inayochakata malipo ya huduma za afya nchini Marekani, ilishambuliwa na dola milioni 22 zikalipwa. Hata hivyo, baada ya malipo hayo kundi jingine lilijitokeza likidai kuwa na taarifa zilezile na kutaka fedha.

Mfanyabiashara asiye na nakala ya taarifa zake hulazimika kufanya uamuzi huu akiwa amebanwa, saa zikihesabiwa na wateja wakisubiri. Mwenye nakala salama hana sababu ya kununua kile ambacho tayari anacho.

Wajibu wa kisheria

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inalitambua kuwa kosa la jinai tendo la kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini, pamoja na kuingilia au kuharibu taarifa zilizomo. Aliyeshambuliwa ni mwathirika wa uhalifu, hivyo hana sababu ya kuona aibu kutoa taarifa Polisi.

Hata hivyo, biashara inayokusanya taarifa za watu ina wajibu wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka mkusanyaji wa taarifa binafsi kuweka hatua za kiusalama za kuzilinda, na kuiarifu Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mapema iwezekanavyo usalama wa taarifa hizo unapovunjwa. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaweka muda wa saa 72 wa kutoa taarifa kwa Kamishna. Wafanyabiashara wenye matawi katika nchi zote mbili wanapaswa kuzingatia sheria za pande zote.

Wamiliki wa biashara, viongozi wa vyama vya ushirika na wasimamizi wa vituo vya afya wanahimizwa kumteua mtu mmoja atakayewajibika na nakala rudufu, kumpa diski mbili na daftari la kuandika tarehe za kunakili na za kujaribu, na kulikagua daftari hilo kila mwisho wa mwezi kama wanavyokagua hesabu za fedha.